MKANDA UNAPOKAZWA: SERIKALI, MABENKI NA MKOPO WA MKULIMA

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia)



UTANGULIZI

Nilipoombwa kutoa mada hii, mzee mmoja wa Baraza aliniuliza, "Mwalimu, mambo ya riba na Benki Kuu yanatuhusu nini sisi watu wa kanisani? Tuachie wasomi wa fedha." Swali lake ni la haki, nami napenda kuanza nalo.

Maandiko Matakatifu hayakuwaachia wasomi wa fedha jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa anayechukua jiwe hilo amechukua uhai wa mwenye nyumba. Sheria hiyo haikatazi kukopesha, wala haikatazi rehani. Inakataza dhamana inayomwondolea mkopaji chombo ambacho kwacho angefanya kazi, akala na kulipa deni. Nehemia naye, katika sura ya 5 ya kitabu chake, anasimulia kilio cha watu walioweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, na wengine ili walipe kodi ya mfalme.

Mwaka 1931 Papa Pius wa XI, katika waraka wake uitwao Quadragesimo Anno, aliwaonya watu wenye kutawala fedha na mikopo. Aliwafananisha na watu wanaoshika damu ya uchumi mikononi mwao, kiasi kwamba mtu mwingine hawezi hata kupumua bila ridhaa yao. Katika nchi yetu, wananchi wamewapa baadhi ya wakopeshaji wa mitaani jina lenye maana iyo hiyo bila kuusoma waraka huo. Wanaiita mikopo yao "kausha damu".

Basi jambo linatuhusu. Leo nataka tuangalie sehemu yake moja, yaani pale Serikali inapoamua kubana mikopo ili kutuliza bei. Ni nani hasa anayekaza mkanda? Nitafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: Kutazama, Kupima, na Kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUTAZAMA

1. Mkopo wa mkulima una majira yake

Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Anapanda mwezi Novemba au Desemba. Kabla ya hapo amelima, na baada ya hapo atapalilia na kupiga dawa ya wadudu. Soko hufunguliwa karibu na mwezi Mei. Kwa miezi saba au minane anatoa tu, haingizi. Ikiwa fedha ya dawa inapatikana Januari, inaokoa zao. Fedha ile ile ikifika Aprili haina kazi, kwani wadudu hawasubiri kikao cha kamati ya mikopo.

Kisha linakuja hitaji la pili. Chama cha msingi au mfanyabiashara anayenunua pamba hiyo anahitaji fedha taslimu nyingi kwa muda mfupi, katika miezi michache ya msimu. Asipozipata, mkulima hupewa karatasi badala ya fedha, akaambiwa asubiri. Linafuata hitaji la tatu: kiwanda cha kuchambua pamba, kisha kiwanda cha nguo, vinahitaji fedha za kununulia malighafi ya kutosha mwaka mzima, ingawa pamba huvunwa mara moja tu kwa mwaka.

Hivyo mkopo wa mkulima na mkopo wa kiwanda ni kamba moja. Ukiikata popote, mzigo unaanguka. Na tofauti na duka ambalo laweza kuahirisha kuagiza bidhaa kwa mwezi mmoja, shamba likikosa mwezi wake limekosa mwaka.

2. Kwa nini Serikali hubana mikopo

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Serikali ina sababu, na historia yetu inazionyesha.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaundwa. Nia ilikuwa njema: akiba ya wananchi iwatumikie wananchi, na matawi yafike hadi wilayani. Mwaka 1971 ilianzishwa benki ya maendeleo vijijini, ambayo mwaka 1984 iligeuzwa kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini (CRDB).

Lakini kadiri miaka ilivyopita, mikopo iliacha kutolewa kwa kupima kama italipwa. Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) liliagizwa kununua nafaka kwa bei moja nchi nzima, hata mahali ambapo gharama ya kuisafirisha ilikuwa kubwa kuliko thamani yake, na hasara ikafunikwa kwa mikopo ya NBC. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na vingi vilianza upya vikiwa na mtaji mdogo na madeni makubwa. Mashirika ya umma yalikopa ili kulipa mishahara. Serikali yenyewe ilikopa Benki Kuu ili kuziba pengo la bajeti, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta.

Fedha ikawa nyingi mkononi, bidhaa zikawa chache dukani. Wenye umri wangu wanaikumbuka foleni ya sabuni na sukari. Katika miaka ya 1980 mfumko wa bei ulifika karibu asilimia 30 kwa mwaka. Tusisahau kwamba mfumko wa bei nao ni dhuluma. Unamwibia mjane aliyeweka akiba yake chini ya godoro, na mfanyakazi ambaye mshahara wake haubadiliki, wakati mwenye nyumba na magari hapotezi kitu. Kwa hiyo mtu anayesema Serikali isibane kamwe mikopo hawatetei maskini.

3. Namna mkanda ulivyokazwa

Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kufufua uchumi. Miongoni mwa masharti ya mipango ya namna hiyo kulikuwa na kikomo cha mikopo: jumla ya mikopo ya mfumo wa mabenki isizidi kiasi kilichopangwa kwa kila kipindi cha robo mwaka.

Tuelewe vizuri jinsi kikomo kinavyofanya kazi. Ni chungu kimoja cha chakula kwa watu wengi. Kikipunguzwa, wanaokaa karibu na chungu hujipakulia kwanza. Wakati ule waliokaa karibu walikuwa Serikali na mashirika makubwa ya umma, ambayo mikopo yao ya zamani haikulipwa, hivyo iliendelea kuhesabiwa ndani ya kikomo mwaka hadi mwaka. Kilichobaki kiligawanywa kwa wengine. Tena kikomo kilipimwa kwa robo mwaka, lakini mvua na mavuno havifuati robo mwaka. Haja ya fedha ya kununulia mazao hupanda ghafla kwa miezi michache na kushuka tena, na kikomo hakina macho ya kuona jambo hilo.

Mwaka 1988 Rais aliteua Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, kuchunguza mfumo wa mabenki. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1990. Mwaka 1991 ikatungwa sheria iliyoruhusu mabenki binafsi, na kikaundwa chombo maalumu, kilichojulikana kwa kifupi kama LART, cha kukusanya madeni sugu. Mwaka 1993 ulianza mnada wa hati za muda mfupi za Serikali. Mwaka 1995 sheria mpya iliipa Benki Kuu lengo kuu moja, yaani uthabiti wa bei. Mwaka 1996 Serikali ilianza kutumia kile tu ilichokusanya. Mwaka huo CRDB ilipita mikononi mwa wanahisa binafsi, na mwaka 1997 NBC iligawanywa, ikazaliwa na Benki ya Taifa ya Microfinance (NMB).

Matokeo mema yalionekana. Mfumko wa bei ulishuka chini ya asilimia 10 kufikia mwaka 1999. Hilo ni jambo kubwa, na tunapaswa kulikiri.

4. Nani alilipa gharama

Katika miaka ya 1994 na 1995 riba ya hati za Serikali ilizidi asilimia 30 kwa mwaka. Jiwekeni katika nafasi ya meneja wa benki. Akiikopesha Serikali, analala usingizi, kwani Serikali italipa. Akimkopesha mkulima, anaogopa ukame, anaogopa bei ya soko la dunia, na mkulima hana hati ya shamba ya kuweka dhamana. Kwa nini amkopeshe mkulima? Hati zile zilizouzwa ili kufyonza fedha na kutuliza bei zikawa kiti cha starehe kwa mabenki. Riba ya mikopo ya kawaida nayo ilipita asilimia 30.

Wakati huo huo ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua, ikaondolewa katikati ya miaka ya 1990. Vyama vikuu vilivyoelemewa na madeni ya zamani vilishindwa kupata fedha za kununulia mazao. Wafanyabiashara binafsi walioruhusiwa kununua kahawa na pamba waliingia wakiwa na fedha taslimu, na wakulima wengi walifurahi kulipwa papo hapo. Lakini mfumo wa zamani ambao chama kilimkopesha mkulima pembejeo na kukata deni wakati wa mavuno ulivunjika, kwa kuwa mkulima aliyekopa hapa aliweza kuuza kule. Matawi ya benki yasiyoleta faida, mengi yakiwa ya vijijini, yalifungwa.

Viwandani hali haikuwa nzuri zaidi. Viwanda vya nguo kama Mwatex cha Mwanza, Mutex cha Musoma na Urafiki cha Dar es Salaam viliyumba, na baadhi vilisimama. Sababu zilikuwa nyingi: mitambo mizee, umeme wa mashaka, uongozi mbovu, nguo za mitumba na za kutoka nje. Lakini kukosa fedha za kuendeshea, na bei kubwa ya fedha hizo zilipopatikana, kulikuwa miongoni mwa sababu hizo. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje ikiwa marobota, nasi tunainunua tena ikiwa shati.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 29, kinafaa kuwa kioo chetu. Kinasema mambo mawili kwa pamoja, nasi mara nyingi tunapenda kusikia moja tu.

La kwanza: mwenye huruma humkopesha jirani yake wakati wa shida. Tazameni neno "wakati". Kumpa mtu mkopo baada ya haja yake kupita si huruma.

La pili: mkopaji arudishe kwa wakati wake. Mwandishi anasikitika kwamba wengi huuona mkopo kama mali waliyoiokota njiani. Kabla ya kupewa hubusu mkono wa mkopeshaji, na siku ya kulipa hutafuta visingizio. Ndiyo maana, asema, watu wengi hukataa kukopesha. Hawakatai kwa uovu, wanaogopa kudhulumiwa bure.

Tukijipima kwa kioo hicho, naona makosa matatu katika historia tuliyoitazama.

Kosa la kwanza ni la wakopaji wakubwa na viongozi waliowalinda. Fedha za NBC zilikuwa akiba za watu. Shirika lililokopa bila nia wala uwezo wa kulipa lilikula akiba hizo, hata kama lilifanya hivyo kwa jina la taifa. Na sisi wadogo tusijitoe. Tumewahi kusikia katika vijiji vyetu, "Hiyo ni fedha ya Serikali, nani atakudai?" Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kila aliyeikwepa matanga yake alimfungia mlango jirani aliyekuwa akija nyuma yake.

Kosa la pili ni namna breki ilivyokanyagwa. Ilikuwa lazima kusimamisha gari, nakubali. Lakini waliorushwa nje kwa breki hiyo hawakuwa wale walioliendesha kwa kasi. Madeni makubwa yalikuwa ya mashirika ya umma, vyombo vya mazao na vyama vikuu. Mkulima mdogo kwa kawaida hakuwa na deni benki, kwa kuwa mara nyingi hakukopeshwa na benki moja kwa moja. Hata hivyo, mikopo ilipobanwa, yeye ndiye aliyesubiri fedha ya mazao yake, yeye ndiye aliyelima bila mbolea. Haki inadai kwamba mzigo wa kurekebisha makosa uwaelemee zaidi wale waliofanya makosa na wenye mabega mapana.

Kosa la tatu ni ukimya. Kikomo kilipangwa kati ya maofisa wa Serikali na maofisa wa kutoka nje. Mwanachama wa chama cha msingi hakuelezwa kwa nini mwaka huu analipwa kwa karatasi. Alidhani katibu wake ni mwizi. Pengine alikuwa mwizi kweli, pengine hakuwa, na mwanachama hakuwa na njia ya kujua. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanasisitiza kwamba watu washirikishwe katika maamuzi yanayogusa maisha yao. Mwaka 1986 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya madeni ya mataifa, ikafundisha kwamba wakopeshaji na wakopaji wote wana wajibu, na kwamba mzigo wa marekebisho ugawanywe kwa haki ili usiwaponde walio dhaifu. Linalodaiwa kati ya mataifa linadaiwa vile vile ndani ya taifa.

Je, leo hali ikoje? Imebadilika, na tuseme ukweli wa pande zote. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza mkopo maalumu wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki, pamoja na nafuu katika akiba wanayotakiwa kuweka Benki Kuu kwa yale yanayokopesha kilimo, kwa masharti ya riba isiyozidi asilimia 10. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kutumia riba yake yenyewe kama usukani. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, kisha ikashushwa hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Hivyo zana za kubana na kulegeza zimebadilika.

Lakini swali letu halijaondoka. Katika miaka ya mwisho ya 2010, kilimo kilichotoa zaidi ya robo ya pato la taifa kilikuwa kinapata karibu sehemu moja ya kumi ya mikopo ya mabenki, au pungufu. Mwaka 2024 mfumko wa bei ulikuwa karibu asilimia 3, na riba ya mikopo kwa wastani ilikuwa kiasi cha asilimia 15. Ni kweli mgawo wa kilimo umeongezeka tangu mwaka 2021. Lakini je, umemfikia mwenye ekari mbili, au umeishia kwa mnunuzi na mwenye ghala? Hilo hatuwezi kulijua kwa kusoma taarifa za Benki. Tunaweza kulijua kwa kuulizana katika Jumuiya zetu.

Natoa mfano wa hesabu, ili kila mmoja aone uzito wa jambo. Mkulima akikopa shilingi 600,000 kwa miezi tisa:
- kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, atalipa riba ya shilingi 45,000;
- kwa asilimia 15 kwa mwaka, shilingi 67,500;
- kwa asilimia 40 kwa mwaka, kama ilivyokuwa karibu na mwaka 1995, shilingi 180,000;
- na kwa mkopeshaji wa mtaani anayedai, tuseme, asilimia 20 kwa mwezi, shilingi 1,080,000, yaani karibu mara mbili ya fedha aliyokopa.

Mkulima hapotei njia kwa kupenda anapokwenda kwa mkopeshaji huyo wa mwisho. Huenda huko baada ya milango mitatu ya kwanza kufungwa, au kwa sababu wa kwanza angemjibu Aprili na yeye anahitaji dawa Januari. Na rehani yake huko ni cherehani, baiskeli, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hilo, ndugu zangu, ndilo jiwe la kusagia la siku zetu.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Hatuwezi kupanga riba ya Benki Kuu kutoka katika ukumbi wa parokia. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, tulipe madeni yetu. Dawa ya deni ni kulipa. Kiongozi wa walei anayedaiwa na SACCOS na kujificha siku ya mkutano hawezi kusimama kuidai Serikali haki. Tusimchague kushika fedha za Kanisa mtu ambaye ushirika unamkimbiza.

Pili, tuitumie sheria iliyopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Wako waliokopa kwa hati hiyo. Kamati zetu ziwasaidie wanakijiji, hasa wajane, kuifuatilia, na pia ziwaonye: hati ikiwekwa rehani, shamba laweza kwenda. Mume asiweke rehani shamba la familia bila mke kujua na kukubali.

Tatu, tutumie ghala kama dhamana mahali linapofaa. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifungua njia hiyo, na wakulima wa korosho wa Mtwara waliianza katika msimu wa 2007/2008. Mazao yaliyo ghalani ni dhamana isiyomwondolea mkulima shamba wala jembe. Lakini mfumo huo unahitaji mizani ya kweli, makato yanayoeleweka na malipo ya haraka. Ambako malipo yamechelewa, mkulima amelaumu mfumo mzima, na ana haki.

Nne, tuimarishe SACCOS na vikundi vya kuweka na kukopa vyenye hesabu za wazi zinazosomwa mbele ya wanachama. Akiba ya kijiji hubaki kijijini, na wanaokopeshana wanajuana kwa sura. Kikundi kipange marejesho kwa msimu wa mavuno. Kumdai mkulima marejesho kila wiki wakati pamba iko bado shambani ni kumsukuma akope kwingine ili alipe hapa.

Tano, tuulize kwa adabu na bila woga. Meneja wa tawi lililo wilayani kwetu aulizwe: katika mikopo mliyotoa mwaka jana, wakulima wadogo walikuwa wangapi? Mbunge na diwani waulizwe: fedha zilizotangazwa kwa ajili ya kilimo zilifika kata ipi? Na pale Serikali inapotangaza kwamba italazimika kubana mikopo, tuombe mambo matatu yazingatiwe: kwamba Serikali ianze kujibana yenyewe katika matumizi, kwamba fedha za msimu wa kilimo zitengwe kabla mkanda haujakazwa, na kwamba wananchi waelezwe, kwa Kiswahili chepesi, kinachofanyika na muda wake.

Sita, mwenye nacho akumbuke. Kati yetu wako wanaokopesha. Nehemia alipowakemea wakubwa, alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akasema wote waache kutoza riba na warudishe mashamba siku ile ile. Nasi tuanze hapo. Mwamini anayepokea Ekaristi Jumapili na Jumatatu anabeba cherehani ya mjane ajiulize amekula nini.

HITIMISHO

Yule mzee wa Baraza nilimjibu hivi: mzee wangu, siku Serikali inapokaza mkanda, mkanda huo haukazwi hewani, unakazwa kwenye kiuno cha mtu. Kazi yetu ni kutazama ni kiuno cha nani, na kusema. Tukae kimya, na mwenye kiuno chembamba ataendelea kukaziwa yeye, kwa kuwa hapigi kelele.

Mungu aliyewalisha watu wake jangwani atujalie hekima ya kukopesha kwa wakati, uaminifu wa kulipa kwa wakati, na ujasiri wa kusema kwa wakati. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika Jumuiya yetu, ni kaya ngapi zilizopata mkopo wa kilimo msimu uliopita? Zilipata wapi, kwa riba gani, na mwezi gani?

2. Je, yuko kati yetu aliyepoteza chombo chake cha kazi kwa sababu ya deni? Jumuiya ilifanya nini?

3. Someni Yoshua bin Sira 29:1-7. Ni sehemu gani inatugusa kama wakopeshaji, na ipi kama wakopaji?

4. Chama chetu cha ushirika kilisoma hesabu zake lini mara ya mwisho mbele ya wanachama wote? Kama hakijasoma, nani kati yetu atakwenda kuuliza, na lini?